Kabla Gari Yako Haijavuka Ruzizi



Diplome zetu sasa zinatembea. Mwenzetu mmoja anaitwa kazini Kigali, mwingine Bujumbura, mwingine Kampala ao Nairobi, mwingine anamfuata bwana yake Dar es Salaam. Wengi wao wakati wa kuhama wako na gari: RAV4, Ist, Vitz, Noah, zile gari zilizotumika Japani, zikapita bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, kisha zikafika kwetu. Ni akiba ya miaka. Kwa hiyo mtu anapanga hivi: nitapakia vitu, nitavuka nayo, plake ya kule nitaitafuta nikishafika.

Ni mpango huo ninataka tuuzungumzie leo, juu unakula feza za watu. Kuandikisha gari katika inchi ingine si kazi inayoanza kule unakoenda. Sehemu kubwa inafanyika hapa Bukavu, na sehemu moja inafaa iwe imefanyika mwaka mzima mbele ya safari. Ukivuka bila kuifanya, hakuna mtu wa kule anayeweza kukufanyia.

Sisi wa agronomia jambo hili linapaswa kuwa rahisi kwetu. Mbegu ya viazi ikivuka mpaka, inatembea na cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho kinatolewa na huduma ya inchi inakotoka, mbele mbegu haijaondoka. Huwezi kufika na magunia ngʼambo, halafu ndipo uanze kutafuta cheti cha nyuma. Gari nayo iko vile. Ni kitu kinachohama, na karatasi zake zinazaliwa kule kilikotoka.

1. Plake inasema nini hasa

Wengi wetu tunaona plake kama jina la gari. Kwa kweli plake ni jibu la swali moja: gari hii inalipa kodi kwa nani? Plake ya Congo inamaanisha kwamba gari ilipita forodha yetu, ile tunaita duane, yaani DGDA, ikakaguliwa na OCC, kisha DGI ikaiandika na kumpa mwenyewe carte rose. Mbele ya Serikali ya Congo, gari hiyo imemaliza deni lake la kuingia.

Lakini mbele ya Serikali ya Rwanda, Uganda ao Kenya, haijalipa kitu. Kule ni mgeni. Na mgeni ana haki ya kutembea, si haki ya kukaa.

Hapo ndipo watu wanajichanganya, juu kuvuka kwetu ni rahisi sana. Mtu wa Bukavu anavuka Ruzizi ya kwanza asubuhi na jeton, ananunua vitu Kamembe, anarudi saa nane. Anayekwenda Uvira mara nyingi anapita upande wa Rwanda, anatokea Bugarama na kuingia tena kwetu Kamanyola kwa Ruzizi ya pili. Mpaka umekuwa kama barabara ya kata. Lakini kila mara unapovuka na gari, forodha ya kule inaandika ruhusa ya muda: gari hii imeingia tarehe hii, itatoka tarehe hii. Ukirudi, karatasi inafungwa, na wewe hufikirii tena.

Ruhusa hiyo ni ya mtu anayeishi kwingine na anayetembea tu. Siku unaposaini mkataba wa kazi kule, unakodi nyumba na kupata kitambulisho cha mkaaji, wewe si mtembezi tena. Gari inabaki na karatasi ya mgeni wakati mwenyewe amekuwa mwenyeji. Tarehe ya karatasi ikipita, gari inahesabiwa kama bidhaa iliyoingia bila kulipa. Inaweza kukamatwa, na faini inawekwa juu ya ushuru.

Hata asuransi inafuata mantiki hiyo. Ile Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo asuransi yako ya hapa inaweza kukupatia, inalinda watu unaoweza kugonga ukiwa safarini Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, na hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA lakini imekubali kadi hiyo. Ni kinga ya msafiri. Ukihamia, unahitaji asuransi ya inchi ile, na asuransi ya inchi ile itakuomba plake ya inchi ile.

2. Swali la kwanza: gari yako inakubalika kule?

Mbele ya kuuliza bei ya plake, uliza kama mlango uko wazi. Kuna milango miwili: upande wa usukani na umri wa gari.

Upande wa usukani tuliachiwa na wakoloni. Wabelgiji waliacha Congo, Rwanda na Burundi zikiendesha kuume. Waingereza waliacha Kenya, Uganda na Tanganyika zikiendesha kushoto. Sisi Bukavu tuko katikati ya historia hiyo: barabara yetu ni ya kuume, lakini gari zetu nyingi ziko na usukani kuume pia, juu Japani wanaendesha kushoto na sisi tunanunua zile zilizotengenezwa kwa ajili yao. Tumezoea. Dereva wa Bukavu anachungulia mbele ya kupita lori, ao anamwambia abiria wa kushoto amwangalilie barabara.

Rwanda hawakutaka mazoea hayo. Tangu 2005 walizuia kuingiza gari za abiria zenye usukani wa kuume. Kwa hiyo Vitz ya Japani inayozunguka vizuri kati ya Nyawera na Essence haiwezi kugeuka gari ya Kigali, hata ukiwa na feza zote za ushuru mkononi. Burundi ni tofauti: nao wanaendesha kuume kama sisi, lakini Bujumbura imejaa gari za usukani wa kuume zilizopitia Dar es Salaam. Kenya ni kinyume cha Rwanda: gari ya kawaida yenye usukani wa kushoto haiandikishwi. Kwa hiyo mwenzetu aliyenunua gari kutoka Ubelgiji ao Dubai, yenye usukani wa kushoto, anaweza kufikiria Kigali, lakini Nairobi asahau.

Mlango wa pili ni umri. Kenya haipokei gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa mwaka wa 2024, hiyo ilimaanisha gari ya 2017 kwenda juu. Uganda, kwa sheria yake ya barabara iliyorekebishwa 2018, imefunga mlango kwa gari yenye miaka 15 ao zaidi tangu kutengenezwa, na zile zinazokubaliwa lakini zimezeeka zinalipishwa kodi ya mazingira. Tanzania nayo inaongeza kodi kadiri gari inavyozeeka.

Tuangalie sasa gari zetu wenyewe. RAV4 ya 2005 ni gari nzuri sana Bukavu. Inapanda Nguba, inashuka Kadutu, inafika Walungu na Kabare wakati wa mvua. Lakini ni gari isiyoweza kuandikishwa Nairobi wala Kampala kwa umri, wala Kigali kama usukani uko kuume. Mwenye gari hiyo akipata kazi katika moja ya miji hiyo, asipoteze muda wa kuomba karatasi. Jibu lake liko katika sehemu ya 6.

Na tuelewane juu ya neno umri. Umri wa gari hauhesabiwi kutoka siku ilipofika Bukavu. Gari iliyoingia kwetu 2019 inaweza kuwa ilianza kutembea Osaka 2004. Karatasi inayosema ukweli ni ile cheti cha kusafirisha iliyotoka nayo Japani, ambayo wengi wanaitupa baada ya kupata carte rose. Ukiwa nayo, angalia vizuri tarehe ya kuandikishwa mara ya kwanza, juu Wajapani wanahesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao. Heisei 17 ni 2005. Reiwa ya kwanza ilianza tarehe 1 Mei 2019.

3. Swali la pili: nitalipa ngapi?

Hapa kuna maneno yanayozunguka sana: "Congo imeingia EAC, basi ushuru umekwisha." Ni kweli tulikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa 3 mwaka 2022. Lakini umoja wa forodha, ulioanza 2005, haufuti ushuru kwa kila kitu kinachotoka kwa jirani. Unawapendelea bidhaa zilizozaliwa ndani ya Jumuiya kwa kufuata kanuni za asili ya bidhaa. Kahawa ya Kalehe ni ya Congo. Toyota yako, hata kama imekula mashimo ya Bukavu miaka kumi, ilizaliwa Japani. Mbele ya forodha, kuishi kwetu hakuibadilishi kabila.

Tufanye hesabu pamoja. Ushuru wa pamoja wa EAC kwa gari ya abiria ni 25%, ingawa Kenya imepandisha wake hadi 35%. Kodi ya ongezeko la thamani, ile TVA, ni 18% Rwanda, Uganda, Tanzania na Burundi, na 16% Kenya. Kosa wanalofanya watu ni kujumlisha 25 na 18, waseme 43. TVA haihesabiwi juu ya thamani ya gari peke yake. Inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru.

Tuseme forodha imekubali kwamba gari yako ina thamani ya dola 4,000. Ushuru wa 25% ni dola 1,000. Sasa TVA ya 18% inachukuliwa juu ya dola 5,000, ni dola 900. Jumla ni dola 1,900, karibu nusu ya gari. Na hiyo bado bila ushuru wa bidhaa, kodi ya mazingira pale iliko, kazi ya wakala wa forodha na plake yenyewe.

Na hiyo thamani ya 4,000 si wewe unayeichagua. Forodha inahesabu bei pamoja na usafiri na asuransi, na ikiona bei uliyoandika ni ndogo mno, ina njia zake za kuikadiria. Karatasi ya binamu inayosema "nimemuuzia kwa dola 800" haitakufikisha mbali.

4. Mlango wa msamaha

Sasa habari nzuri, ambayo wachache wanaijua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha wa ushuru kwa mtu anayehamisha makazi yake kweli kutoka nje na kuingia katika inchi mwanachama. Pamoja na vyombo vya nyumba, anaruhusiwa gari moja. Masharti yake ni haya.

Mtu awe na miaka 18 kwenda juu, na awe anahama kweli, si kutembelea. Gari iwe mali yake mwenyewe, na awe ameitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 angalau. Siku ambazo gari ilikuwa melini hazihesabiwi. Vitu vyake vifike ndani ya siku 90 tangu yeye mwenyewe afike, isipokuwa ameongezewa muda. Basi dogo la kubeba abiria zaidi ya 13, ao gari ya mzigo zaidi ya tani 2, haimo. Kwa hiyo mwenye Fuso asijidanganye kwamba atahamia nayo kama kitanda.

Msamaha huu hauvunji ule mlango wa kwanza. Gari iliyokatazwa kwa umri ao kwa usukani inabaki imekatazwa. Na msamaha ni wa wewe, si wa gari: ukimuuzia mtu mwingine kule, ushuru uliosamehewa unadaiwa. Pia ni afisa wa forodha anayeamua kama umetimiza masharti, na anaamua juu ya karatasi. Kwa hiyo andika ombi kwa mamlaka ya mapato ya inchi ile mbele gari haijaondoka hapa, na usubiri jibu la maandishi.

Soma tena yale masharti. Lile linaloangusha watu wa Bukavu si umri wa mtu wala siku 90. Ni maneno mawili: mali yake, kwa miezi 12. Tuingie hapo.

5. Jina kwenye carte rose

Tunajua vile gari zinauzwa kwetu. Mnakubaliana bei, unaleta dola, fundi anasikiliza moteri, muuzaji anakupa funguo na carte rose, mnasaini karatasi moja mbele ya mashahidi wawili, mnakunywa soda. Carte rose inabaki kwa jina la muuzaji. Siku ingine si hata jina la muuzaji, ni la yule aliyeiuza kwa muuzaji. Gari imepita mikono minne, jina ni la mtu wa kwanza, ambaye labda sasa anaishi Canada.

Hapa mjini gari hiyo inatembea. Police ya roulage ikisimamisha, unaonyesha carte rose, vignette, asuransi na kontrole teknike, na ile karatasi ya kuuziana. Maisha yanaendelea, na mutation, yaani kubadilisha jina kwa DGI, inaonekana kama matumizi ya bure. Hata kuvuka mpaka inawezekana: unaomba procuration, ile barua ambayo mwenye jina anakuruhusu kutembea na gari yake, notaire anaithibitisha, unapita.

Lakini angalia procuration inasema nini. Inasema kwamba gari si yako. Ni karatasi nzuri ya kutembea, na ni karatasi mbaya kabisa ya kuhama. Siku utakapoiweka mbele ya forodha ya Kampala ao Dar es Salaam na kuomba msamaha wa mtu aliyemiliki gari yake miezi 12, umejikatalia mwenyewe kwa maandishi yako. Na hata ukikubali kulipa ushuru wote, ofisi ya kuandikisha magari itauliza: mwenye jina hili ni nani, na yuko wapi, asaini?

Dawa yake ni moja tu, na inachukua muda. Fanya mutation. Unahitaji muuzaji, ao mnyororo wote wa karatasi za mauzo kutoka jina lililo kwenye carte rose hadi kwako. Acte ya mauzo ithibitishwe na notaire, na vitambulisho vya pande zote viambatanishwe. Kisha DGI, unalipa kupitia banki, unachunga quittance, na carte rose mpya inatoka kwa jina lako. Miezi 12 inakuwa rahisi kuonyesha kuanzia tarehe hiyo. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba kuna sehemu ya kazi inayotangulia safari kwa mwaka mzima. Mtu hajui siku atakayoitwa kazini nje. Basi badilisha jina leo, wakati muuzaji bado anaishi Ibanda na simu yake bado inaita.

Hata asiyetegemea kuhama anafaidika. Gari ikigonga mtu, ikiibiwa ao mwenyewe akifariki, swali la kwanza litakuwa lilelile: ni ya nani? Mjane anayebaki na gari yenye jina la mtu asiyemjua anaanza vita ambayo marehemu angeimaliza kwa asubuhi mbili.

Kitu kingine kidogo kinachovunja dosye ni namba ya shasi. Magari ya Ulaya, Marekani na Dubai yana namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Lakini gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina namba fupi: kodi ya modeli, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Karani anayezoea 17 anaweza kufikiri imekatwa, ao mwandishi wa carte rose akaandika O pahali pa sifuri. Chukua taa, fungua boneti, soma namba kwenye chuma yenyewe, ulinganishe na carte rose herufi kwa herufi. Kuna kosa? Lirekebishe hapa, kwa ofisi iliyoliandika. Kule ngʼambo, herufi moja inatosha gari kuonekana ya wizi.

6. Dosye ya kubeba, na wakati wa kuuza

Mtu anayehama na gari, mbele ya kufika mpakani awe na hizi mkononi, asili na kopi:

– carte rose kwa jina lake, yenye miezi 12 ao zaidi;
– acte ya mauzo iliyothibitishwa na notaire;
– karatasi za DGDA za siku gari ilipoingia Congo, na quittance zake;
– cheti cha Japani ao cha inchi ilikotoka, kinachoonyesha mwaka wa kuandikishwa mara ya kwanza;
– vignette, asuransi na kontrole teknike za mwaka uliopita. Hizi ndizo ushahidi kwamba gari ilikuwa inatumika, na kwamba ni wewe uliyekuwa unaitumia;
– hati ya Interpol, juu Interpol iko na orodha ya dunia ya magari yaliyoibiwa na inachunguza namba ya shasi;
– mkataba wa kazi ao barua ya masomo, na karatasi ya kuonyesha kwamba uliishi Bukavu na sasa unahama.

Karatasi zetu ziko kwa Kifaransa. Rwanda na Burundi watazisoma. Kwa Uganda, Kenya na Tanzania, tafuta mtafsiri aliyeapishwa, usitafsiri mwenyewe.

Ukitoka, pitisha gari kwa DGDA kama kitu kinachoondoka kabisa, usipite kama mtu anayekwenda Kamembe kununua mchele. Ukishapata plake ya kule, ile ya Congo ifutwe kwa DGI. Gari ikibaki kwa jina lako katika kitabu cha hapa, siku ukirudi unaweza kukuta kodi zimekungojea.

Sasa, kwa yule mwenye RAV4 ya 2005, ao mwenye gari isiyo na jina lake na muuzaji hapatikani. Ushauri wangu ni mfupi: uza. Uza hapa, kwa watu wanaoijua gari hiyo, barabara hizi na vipuri vyake. Gari ya zamani yenye usukani wa kuume iko na thamani Bukavu. Ngʼambo inaweza kuwa haina thamani yoyote, juu hairuhusiwi kuishi. Weka mezani ile hesabu yetu: bei utakayouza hapa, jumlisha dola 1,900 ambazo ungelipa ushuru, uone unaweza kununua gari gani kule, tayari na plake ya kule, usukani upande unaofaa. Kwa gari nyingi za wanachama wetu, hesabu itasema uza. Gari inaumiza moyo kuiacha, ndiyo, lakini ni chuma.

Na ukiuza, fanya mutation kwa yule anayenunua. Tusiendelee kuachiana carte rose zenye majina ya watu waliohama.

7. Kwa wanaorudi

Wengine wetu wako kwenye safari ya kurudi. Mkataba umeisha Kigali ao Kampala, na gari iliyonunuliwa kule inakuja Bukavu. Sheria inageuka tu upande: sasa ni plake ya kule ambayo ni mgeni, na ni DGDA, OCC na DGI zinazongojea, na TVA yetu ni 16%. Lakini mantiki haibadiliki. Cheti cha gari kiwe kwa jina lako mbele ya kuondoka. Ushahidi wa kutumia gari na wa kuishi kule ukusanywe ukiwa bado kule. Karatasi ya kutoka ya forodha ya kule ifungwe vizuri, juu DGDA itaiomba. Na uwe na wakala wa forodha mwenye kibali, anayekupa quittance kwa kila dola, si kijana wa barriere anayesema "mimi nitakupangia."

Basi, ndugu na dada, leo jioni mbele ya kulala, fungua ile pochi iliyo ndani ya gari. Toa carte rose, soma jina lililoandikwa. Kama ni lako, angalia tarehe na namba ya shasi, urudishe, ulale vizuri. Kama si lako, kesho asubuhi mpigie muuzaji simu, mbele naye hajahama.